Mama anasema, “Mimi bado naoga mwenyewe”

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, kitinda mimba katika familia ya watoto watatu. Ninaishi Tanga mjini na mke wangu, mtoto wetu mmoja na mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 71, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba. Mwaka jana, siku chache baada ya Idi, mama alipatwa na kiharusi kilichoulegeza upande wake wa kushoto. Alhamdulillahi, hakupoteza kauli wala akili, na baada ya miezi kadhaa ya mazoezi aliweza kutembea polepole ndani ya nyumba akiegemea fimbo. Anakula mwenyewe, anavaa miwani yake na kusoma msahafu kila baada ya swala ya Alfajiri, na ugomvi wake na wauza samaki juu ya bei haujapungua hata kidogo. Tatizo letu ni choo na bafu.

Choo kiko uani, hatua kama ishirini kutoka mlango wa nyuma, na ili kukifikia ni lazima kushuka ngazi mbili. Ni choo cha kuchuchumaa. Bafu limepakana nacho, chumba chembamba kisicho na paa, chenye sakafu ya sementi iliyosuguliwa ikang'aa, ambayo ikipata maji ya sabuni hata mimi huikanyaga kwa hadhari. Tangu mama augue, mke wangu ndiye anayemshika mkono hadi mlangoni, kisha mama hujifungia na kutaka asubiriwe nje. Mke wangu anasema humsikia akihangaika humo ndani na kupapasa ukuta, lakini akimuuliza kama anahitaji msaada hujibiwa neno moja tu: “Niache.”

Mwezi uliopita, usiku wa manane, mama alitoka bila kumwamsha mtu. Aliteleza bafuni, akashika bomba la maji ili ajizuie, bomba likang'oka, naye akaanguka nyuma ya mlango. Mlango ule hufungukia ndani, kwa hiyo kila nilipousukuma nilikuwa nikimsukuma yeye. Ilinibidi nipande ukuta na kuingilia juu. Nilimkuta katika hali ambayo mwana hapaswi kumwona mamaye, nikamfunika kwa shati langu na kumbeba. Picha ya hospitali ilionyesha kuwa nyonga haikuvunjika, lakini tangu usiku ule hanitazami usoni kama zamani.

Kaka yetu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, alituma kiti cha choo cha mabomba ya chuma, chenye ndoo chini yake, ili mama ajisaidie chumbani. Mama alikizunguka mara moja, akasema chumba anamoswali hakitageuzwa choo, akakifunika kwa kanga na kuweka kikapu cha nguo juu yake. Mke wa kaka alipendekeza pampasi za watu wazima, mama hakumjibu. Dada yetu anafanya kazi Muscat na yuko tayari kumlipa binti wa kumhudumia. Hapo ndipo mama aliposema maneno ambayo hayanitoki: “Mtoto huogeshwa, maiti huoshwa. Mimi bado naoga mwenyewe.”

Mke wangu sasa ana mimba ya miezi saba na mgongo unamuuma. Tumegundua pia kwamba mama amejinyima maji; baada ya Alasiri hanywi kitu ili usiku asilazimike kutoka, na sasa analalamika kuwa mkojo unamchoma. Kaka anasema niache kumbembeleza, nifunge mlango wa uani kwa kufuli kila usiku ili asiwe na njia nyingine ila kiti. Fundi niliyemwita anataka zaidi ya shilingi milioni tatu ili ajenge choo cha ndani. Dada anaweza kutoa nusu, na nusu iliyobaki sina.

Je, nimlazimishe mama yangu kwa ajili ya usalama wake, au nimwachie heshima yake mpaka aanguke tena?

Kitinda Mimba, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale ulipovua shati. Nitaparudia. Kwanza nianze na jambo lisiloweza kungoja mashauriano ya familia, nalo ni ule mkojo unaochoma. Kwa mtu mzima aliyejinyima maji kwa wiki kadhaa huenda yakawa ni maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa wazee maambukizi hayo huweza kuleta udhaifu na hata kuchanganyikiwa, mambo ambayo yenyewe huangusha watu. Mpeleke kituo cha afya wiki hii. Mkiwa huko waonyeshe dawa zake zote na uulize kama miongoni mwake imo ya kukojosha, na kama inawezekana aimeze asubuhi badala ya jioni. Usibadilishe saa za dawa kwa uamuzi wako, uliza tu.

Sasa nieleze nilivyokuelewa. Una mama mwenye akili timamu ambaye mwili wake umebadilika, lakini nyumba imebaki vilevile. Una mke anayechoka, kaka anayetuma vitu na amri, dada anayetuma fedha, na wewe uliye karibu ndiye unayebeba uzito wa kuamua. Umeniuliza uchague kipi kati ya usalama na heshima. Ninakuomba uniruhusu nisichague kwanza, kwa sababu sina hakika kama mama yako amewahi kuwekewa mambo hayo mawili mezani pamoja.

Yatazame tena maneno yake. Mtoto huogeshwa, maiti huoshwa, yeye anaoga. Amekupa vitenzi vitatu, na katika viwili vya kwanza anayetenda ni mtu mwingine. Pampasi huvalishwa mtu, binti wa kazi hulipwa ili amwogeshe mtu, na kufuli hufungiwa mtu. Hata kiti cha kaka yako, ingawa ni kitu kizuri, kilifika kikiwa kimeshaamuliwa kitakaa wapi na kitatumiwaje. Je, huenda ikawa anachokikataa ni kule kuhamishwa kutoka katika kitenzi chake? Nakuuliza tu, kwa kuwa wewe ndiye unayemjua. Mimi namjua kwa kurasa mbili.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja, na huenda hukulifikiria kwa kuwa wewe una mikono miwili. Upande uliolegea ni wa kushoto. Mwanamke aliyelelewa kustanji, yaani kujisafisha baada ya haja, kwa mkono wa kushoto na kula kwa mkono wa kulia, leo amebakiwa na mkono mmoja kwa kazi zote mbili. Hatakuambia hilo wewe mwanawe, wala huenda hatamwambia mkwewe, lakini kule kukaa muda mrefu na kupapasa ukuta kunaweza kuwa na maana hiyo. Kama ndivyo, kinachohitajika ni maji yanayofika bila mkono kufika: mpira mwembamba wenye kinyunyizio cha kubonyeza, kama ule ambao dada yako huko Muscat huukuta karibu kila chooni. Akitaka kutuma kitu, anaweza kuanza na hicho, maana hugharimu kidogo sana kuliko mshahara wa binti. Na dada yako, kwa kuwa ni mwanamke na ni bintiye, ndiye anayeweza kumuuliza mama kwa simu maswali ambayo wewe huwezi kuyatamka.

Nije kwenye kiti chenyewe. Ninyi nyote, pamoja na mama, mmekichukulia kuwa ni kitu cha chumbani. Viti vingi vya aina hiyo ndoo yake huchomolewa. Ukiichomoa, kiti kinaweza kubebwa hadi chooni na kusimamishwa juu ya tundu, miguu miwili upande huu na miwili upande ule, na choo cha kuchuchumaa kikawa choo cha kukalia bila kuvunja hata tofali moja. Pima kwanza kama miguu ya kiti inakaa penye usawa na haitumbukii kwenye mteremko wa tundu, na kama soli zake za mpira hazijachakaa, kwa kuwa chuma kitupu kwenye sementi yenye maji huteleza. Kwa kuwa kiti kiko juu ya tundu, maji huruka. Mafundi hukata kitako cha ndoo ya plastiki na kuipachika chini ya kalio la kiti ili ielekeze kila kitu chini. Kimo pia kina maana: akikaa, nyayo zote mbili zikanyage chini sawasawa, na kwa mtu wa kiharusi ni afadhali kiti kiwe juu kidogo kuliko kuwa chini, maana kuinuka kutoka chini ndiko kunakomshinda.

Kiti hichohicho, kikihamishwa, au benchi imara ya mbao yenye mgongo, humwezesha kuoga akiwa ameketi, ndoo yake na kata vikiwa juu ya stuli upande wa kulia ili asiiname. Dodoki lililofungwa kwenye mpini mrefu hufika mgongoni na miguuni. Tahadhari yangu moja ni viti vya plastiki vya kawaida, ambavyo watu huvikata tundu katikati kwa kisu. Kiti kikikatwa hupoteza nguvu yake, hupasuka ghafla, na kingo zake hubana ngozi. Tahadhari nyingine ni maji ya moto. Upande uliolegea mara nyingi hausikii joto vizuri, kwa hiyo ayapime kwa mkono wa kulia kabla hajajimwagia.

Kuhusu bafu, naomba ufanye jambo moja hata kabla ya kuzungumza na mama: mwite seremala ageuze bawaba ili mlango ufungukie nje, na komeo liwe la aina inayoweza kufunguliwa kutoka nje wakati wa dharura. Hilo ni kosa la mlango, na kulirekebisha hakumnyang'anyi mama chochote. Sakafu iliyong'arishwa nayo inaweza kupigwa upya kwa tabaka jembamba la sementi lililokwaruzwa kwa ufagio mgumu kabla halijakauka, mikwaruzo ikielekea kwenye tundu la maji ili yasituame.

Usiku ule mama yako alishika bomba la maji kwa sababu hapakuwa na kingine cha kushika. Unaweza kuweka mabomba ya kushikia, ya unene wa sentimita 3 hadi 4 ambao kiganja huuzunguka, lakini usimwachie fundi aamue yatakaa wapi. Mketishe mama kwenye kiti akiwa amevaa nguo zake zote, mchana, mwambie anyooshe mkono mahali ambapo angependa kushika anapoinuka, nawe uweke alama ya chaki hapo. Ukuta wa zamani wa tofali laini huweza kuachia skrubu, na bomba la kushikia linalong'oka ni hatari kuliko kukosa bomba, kwa sababu mtu amelitegemea. Ukiuona ukuta una mashaka, simamisha nguzo za chuma zilizozikwa kwenye zege la sakafu, zege limwagiliwe maji kwa siku saba, kisha ujining'inize wewe mwenyewe kabla mama hajaligusa. Pale kwenye ngazi mbili weka mihimili pande zote mbili. Mkono wake ulio mzima ni mmoja. Mhimili ulio kulia kwake anaposhuka utakuwa kushoto anaporudi, na huo hauwezi kumsaidia kitu. Wapo watakaokushauri uzibomoe ngazi na kuweka mteremko. Kwa kiti cha magurudumu mteremko hutakiwa uwe mrefu mara 12 ya kimo chake, yaani ngazi zenye kimo cha jumla cha sentimita 30 huhitaji mteremko wa mita 3.6, lakini kwa mtu anayetembea na fimbo ngazi fupi zenye mihimili mara nyingine humfaa zaidi. Anaposhuka, mguu dhaifu utangulie. Anapopanda, utangulie ule wenye nguvu.

Usiku ni suala jingine, na hapa sina jibu lisilo na kasoro. Safari ya hatua ishirini gizani, mtu akiwa ametoka usingizini na ametumia dawa za presha, ni hatari hata mkiweka chuma kila mahali. Taa ya sola uani husaidia, na filimbi au kengele karibu na kitanda husaidia, kama atakubali kuitumia. Kiti chenye ndoo usiku tu, kisha kirudi chooni alfajiri, ni njia wengine huifuata. Lakini itabidi mkubaliane ni nani atakayemwaga ndoo, na kama kitakaa nyuma ya pazia, sebuleni au stoo, mbali na mswala wake. Kama wasiwasi wake ni twahara ya chumba cha kuswalia, wewe na mimi si watu wa kumtolea fatwa. Mna shehe wenu, na mna mabibi wa madrasa ambao mama anawaheshimu, aulize mwenyewe.

Kufuli, mwanangu, linanitia hofu kuliko sakafu. Moto ukizuka, au akizidiwa, atakuwa amefungiwa ndani ya nyumba ya mumewe. Na kama alijinyima maji ili asimsumbue mtu, atajinyima zaidi kwa mtu aliyemfungia. Pampasi zina mahali pake, kwa mfano katika safari ndefu ya kwenda hospitali, lakini kwa mtu ambaye bado anahisi haja na anaweza kuifuata, kuzivaa kila siku huweza kumfanya apoteze uwezo alio nao, mbali na ngozi kuchubuka. Simlaumu shemeji yako. Alikuwa akitafuta njia. Choo cha ndani ni kizuri kama fedha ipo, ila kikijengwa cheupe, chenye vigae vinavyong'aa na mlango wa sentimita 60, mtakuwa mmehamishia ajali ndani ya nyumba. Nusu ile ya dada inaweza kutosha kwa mambo mengi niliyoyataja hapo juu, na huenda ikabaki.

Kuhusu mkeo, hapa nakuuliza swali kwa upole. Umesema mgongo unamuuma, lakini hujasema kama umemuuliza yeye anaona nini kifanyike baada ya kujifungua. Miezi miwili ijayo nyumba hiyo itakuwa na mtoto mchanga, mzazi na mgonjwa. Pengine binti wa kusaidia anahitajika kweli, ila kwa kazi nyingine: kuchota maji, kufua, kupika, ili mama asimwone kama mwogeshaji wake. Na pale ambapo mama anahitaji kushikwa, wewe unaweza kumshika bila kuvuka mpaka wowote: akiwa amevaa, kwa mkanda mpana uliofungwa kiunoni juu ya nguo zake, mpaka aketi, kisha ukatoka. Kamwe usimvute kwa mkono wa kushoto. Bega lililolegea huumia upesi. Katika hospitali yenu ya rufaa ya mkoa, Bombo, ulizia mtaalamu wa fiziotherapia, yule ambaye wengi humwita daktari wa mazoezi, awafundishe wewe na mama pamoja namna ya kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Ni bora mama afundishwe yeye, nanyi mkitazama.

Nilimuuguza shangazi yangu kwa miaka mitatu. Tulimnunulia kila kitu na bado alisumbuka kwenda chooni, mpaka siku moja akaniambia niwashe redio ya uani kila anapoingia, kwa sababu alichukia kusikiwa. Nilikuwa nimewaza kuanguka. Hakuna aliyekuwa amewaza sauti.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilichapisha orodha ya vifaa saidizi 50 ambavyo kila nchi inashauriwa kuvipa kipaumbele, na viti vya kuogea na vya chooni vimo humo pamoja na miwani na fimbo. Mama yako tayari anatumia viwili kati ya hivyo vitatu. Hakuna anayemwambia kuwa “anasomeshwa” msahafu kwa kuwa amevaa miwani, anasoma. Unaweza kumwambia hivyo ukiona anafaa kuambiwa, au ukaacha auone ulinganisho huo mwenyewe.

Sasa lile shati. Unaona kwamba hakutazami kwa sababu ya ulichokiona. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba anaona haya kwa kukuparamisha ukuta usiku, au anaogopa kuwa kilichofuata, kiti na pampasi na binti, vyote vilitokana na wewe kuwaeleza ndugu zako habari ya usiku ule. Uliwaeleza kiasi gani? Kama hamjalizungumza, sidhani kama mazungumzo ya vifaa yatafika mbali. Tafuta saa yake nzuri, labda baada ya msahafu wa asubuhi, mke na mtoto wakiwa mbali kidogo, na usianze na kiti. Anza na kumwambia kwamba ulimfunika kwanza kabla ya kumbeba, kwa maana huenda hakumbuki. Kisha mwulize alitaka kushika wapi alipoteleza, na umsikilize mpaka amalize, hata akikuonyesha mahali ambapo fundi atasema hapafai.

Niandikie atakachokujibu. Na kile kikapu cha nguo kilicho juu ya kiti, kiache hapo kilipo mpaka akiondoe yeye.